Neno "Mgeni" na Kitabu cha Ruthu: Uchunguzi wa Tafsiri na wa Desturi

Mwaka wa 2016 nalikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la kipaimara katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kasulu, na somo letu lilikuwa Kitabu cha Ruthu. Nikawauliza, "Mgeni ni nani?" Mmoja akajibu kwamba mgeni ni askofu ajapo kulitembelea kanisa. Wa pili akasema ni mkuu wa wilaya siku ya sherehe, aketiye katika kiti chenye kitambaa. Wa tatu akasema ni shangazi yake atokaye Kigoma, ambaye huchinjiwa kuku. Majibu yote matatu yalikuwa sahihi. Basi nikauliza tena, "Na wale wa kambini Nyarugusu, je?" Watoto wakacheka, na msichana mmoja akanisahihisha kwa adabu: "Wale si wageni, Mwalimu. Wale ni wakimbizi."

Nalidhani siku ile kwamba msichana amekosa, nikamfundisha. Baadaye nimetambua kwamba yeye alisema Kiswahili kama kisemwavyo leo, na kwamba mimi ndimi niliyekuwa nikisoma Maandiko kwa masikio ya watu wa zamani. Kwa maana neno mgeni limepanda cheo. Limevikwa maua shingoni, likapewa kiti cha mbele na jina la mgeni rasmi. Na kadiri lilivyopanda, ndivyo amri za Mungu zilizoandikwa kwa neno hilo zilivyozidi kuwa nyepesi kwetu. Mkristo asikiapo katika Injili ya Mathayo, mlango wa 25, kwamba Bwana alikuwa mgeni akapokewa, au hakupokewa, yeye humwaza askofu, humwaza shangazi, hutazama sufuria ya pilau na kusema moyoni, "Hili nimelitimiza." Nia ya makala haya ni kulichunguza neno hili katika tafsiri zetu, na hasa katika Kitabu cha Ruthu, ili waalimu na makasisi wapime kama twafundisha lile lililoandikwa.

1. Neno moja juu ya maneno mengi

Kiebrania cha Agano la Kale hakina neno moja kwa jambo hili. Kina neno ger, yaani mtu aliyetoka kwao akaja kukaa katikati ya watu wengine, hana urithi wa ardhi wala jamaa wa kumtetea, walakini amekwisha kuwa mkaaji. Kina nokri, yaani mtu wa taifa jingine, ambaye hana fungu katika mambo ya nyumbani. Tena kina toshav na zar, ambayo tutayaacha kwa sasa. Tofauti ya maneno hayo si mchezo wa wataalamu. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 14, katika habari ya nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, ger hupewa bure, bali nokri huuziwa. Hapo neno moja mgeni halimtoshi mfasiri, naye hana budi kutafuta namna ya pili ya kusema.

Lakini mahali pengi tafsiri zetu za Kiswahili zimetumia mgeni kwa wote wawili. Ni mgeni katika Mambo ya Walawi, mlango wa 19, Torati iamurupo kumpenda kama nafsi yako yule akaaye nanyi, kwa sababu Israeli naye alikaa hivyo Misri. Na hapo Kiebrania ni ger. Ni mgeni pia katika mlango wa 2 wa Ruthu, yule mwanamke ajitajapo mbele ya Boazi. Na hapo Kiebrania ni nokriya. Tuingiapo Agano Jipya, neno xenos la Kiyunani nalo laitwa mgeni.

Je, wafasiri walikosa? Sidhani. Kwanza, Kiyunani chenyewe kina tabia hiyo hiyo, maana xenos ni mtu asiyejulikana, na xenos ni mtu aliyealikwa. Kilatini nacho kilikuwa na neno hostis, ambalo zamani lilikuwa la mtu wa kuja, likaishia kuwa la adui. Ndugu yake hospes akabaki kuwa mwenyeji na mgeni pamoja. Kila lugha imeisimamisha roho ya binadamu mlangoni, na neno lake laonyesha kama mlango ulifunguliwa au ulifungwa. Pili, Kiswahili kilipomwita kwa jina moja mtu aliyealikwa na mtu aliyetupwa na bahari, kilitoa hukumu njema: kwamba huyu wa pili hana heshima pungufu kuliko yule wa kwanza. Si kila lugha ya Kibantu imefanya hivyo. Waganda humwita mtu aliyewatembelea omugenyi, neno ambalo ni ndugu ya mgeni wetu, lakini mtu wa nchi nyingine wana neno lake mbali, omugwira. Warundi wana umushitsi kwa anayekuja kutazama wenyeji, umunyamahanga kwa mtu wa taifa jingine, na impunzi kwa mkimbizi. Kiswahili cha pwani, kilichozaliwa bandarini, kilimpokea kila mtu aliyeletwa na pepo za kaskazi kwa neno moja.

Basi kosa si la wafasiri. Ni letu sisi tuliopasua neno lao baada yao. Nusu moja tumeipa kiti, na nusu ya pili tumeipa majina mengine: mhamiaji, ambaye jina lake lataja tu kwamba amehama, na mkimbizi, ambaye jina lake lataja miguu yake. Mwaka hata mwaka mtu yule amekaa mahali pamoja, amezaa, amezika, na bado twamwita kwa mbio alizopiga siku moja.

2. Wageni wa kwanza wa kitabu

Sasa tukitazame kitabu chenyewe. Mahubiri mengi ya Ruthu niliyoyasikia, na mengi niliyoyahubiri mimi, ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya arusini: Ruthu ni mkwe mwema amtiiye mavyaa wake. Ya pili ni ya ubatizo: Ruthu aliiacha miungu ya Moabu, na kwa hiyo akapokewa. Yote mawili yana kweli ndani yake. Walakini yote mawili yamtazama mgeni peke yake, kama kwamba yeye tu ndiye aliyejaribiwa. Nasema kwamba kitabu hiki chamtazama mwenyeji zaidi.

Tuanze na mstari wa kwanza. Njaa yaingia Bethlehemu, na Elimeleki na mkewe na wanawe wawili wahamia Moabu. Tafsiri ya Union, iliyotoka nzima mwaka wa 1952, yasema kwamba alikwenda "kukaa" huko. Neno la Kiebrania hapo latoka katika shina lile lile la ger: alikwenda kukaa ugenini. Kwa neno kukaa peke yake msomaji wetu hasikii kitu. Mtu hukaa hata kwao. Lau ingalikuwa "kukaa ugenini," kila msikilizaji angalitambua mara moja kwamba wageni wa kwanza wa kitabu hiki ni watu wa Bethlehemu. Walikula chakula cha Wamoabu muda wa miaka kama kumi. Wana wao walioa huko. Makaburi matatu ya nyumba ile yako huko. Na hao Wamoabu ndio ambao Torati, katika Kumbukumbu, mlango wa 23, yawakataza kuingia mkutanoni hata kizazi cha kumi, kwa sababu hawakuwalaki Waisraeli kwa mkate na maji walipotoka Misri. Mwandishi wa Ruthu ajua sheria hiyo. Kwa utulivu bila kubishana na mtu, aanza habari yake kwa Wamoabu waliowapa Waisraeli mkate.

Jambo la pili ni jina. Ruthu alipokwisha kuweka ahadi yake kwa Naomi njiani, twatazamia kwamba Umoabu wake utakoma kutajwa. Haukomi. Mwishoni mwa mlango wa kwanza yeye ni Mmoabu. Katika mlango wa 2 aitwa hivyo tena na tena, na msimamizi wa wavunaji alitaja jina la Moabu mara mbili katika jibu moja fupi, kama mtu atakaye bwana wake asisahau. Hata langoni mwa mji, mbele ya wazee, Boazi ajapo kumtwaa kuwa mkewe, amtaja kwa kabila lake bila haya. Basi yatupasa kuuliza kama ni kweli kwamba alipokewa kwa sababu alikoma kuwa mgeni. Kitabu chasema vinginevyo. Alipokewa hali ni Mmoabu, na kukaribishwa kwake hakukuwa ujira wa kubadili dini. Naliseme hili wazi kwa sababu ni jaribu letu watu wa misioni, kuweka daftari la katekumeni karibu mno na gunia la unga.

3. Shamba, na kosa langu

Torati iliamuru kwamba mvunaji asivune pembe za shamba lake wala asirudie kuokota masazo, bali awaachie maskini na mgeni. Kumbukumbu, mlango wa 24, laongeza yatima na mjane. Ruthu alikuwa na sifa zaidi ya moja kati ya hizo. Boazi aliishika sheria, kisha akaipita. Sheria haikumwamuru kumruhusu mgeni aokote hata kati ya miganda, wala kuwaagiza vijana wavute masuke kwa makusudi na kuyaangusha mbele yake. Haikumwamuru kumketisha pamoja na wavunaji saa ya chakula na kumpa bisi kwa mkono wake. Jioni mwanamke alirudi na shayiri kadiri ya efa moja, na chakula kilichomshinda akambakizia mavyaa wake.

Hapa sina budi kueleza jambo langu. Majuma machache baada ya somo lile la watoto, tulivuna mahindi ya shamba la kanisa. Asubuhi ya pili nikaambiwa kwamba kuna wanawake kutoka kambini waingiao shambani. Nikaenda. Nikawakuta watatu, Warundi wa kundi lile lililovuka mpaka tangu mwaka wa 2015, wakiokota magunzi yaliyosahauliwa na punje zilizomwagika. Mkubwa wao alikuwa bibi kikongwe. Nikamwuliza kwa ukali, "Bibi, mmeruhusiwa na nani kuingia hapa?" Akainuka polepole, akaifunga nguo yake, akanijibu kwa Kirundi, ambacho mtu aliyekaa na Waha hukielewa: "Samahani, Mwalimu. Nalidhani mmemaliza kuvuna."

Akaliweka chini fungu lake, nao wakaondoka. Wala sikuwarudisha. Mzee wa kanisa aliyekuwa pamoja nami hakusema neno, akatazama chini. Nalifika nyumbani ndipo maneno ya yule bibi yakafanya kazi. Hakudai haki. Hakutaja Torati. Walakini alisema Torati yenyewe, maana mipaka ya sheria ile ndiyo hiyo: ukimaliza kuvuna, umemaliza. Majuma machache nyuma nalikuwa nimewafundisha watoto sura ya shamba la Boazi, na niliposimama katika shamba halisi nalichukua nafasi ambayo haimo kitabuni, kwa kuwa hata yule msimamizi hakumfukuza Ruthu.

Sisemi kwamba mwenyeji hana mzigo. Watu wa Kasulu wameona miti yao ikikatwa kwa kuni na visima vyao vikikaukiwa, na mtu akisema amechoka si lazima awe mtu mbaya. Ni vema tutambue kwamba Torati nayo haikumwambia mwenye shamba atoe shamba lote. Ilitaja pembe, masazo, na mganda uliosahauliwa. Huruma ya Maandiko yajua hesabu. Lakini pembe ile si sadaka ya mwenye shamba; ni mali ya mgeni, na aifukuzaye mikono yake pale amechukua kisicho chake. Nalikuwa mwizi siku ile, nikidhani kwamba nalinda mali ya Mungu.

4. Bawa na nguo

Sasa tufike mahali ambapo tafsiri yatupotezea lulu. Katika mlango wa 2 Boazi amwombea Ruthu baraka. Amtakia thawabu kwa Mungu wa Israeli ambaye amekuja kujisetiri chini ya mabawa yake. Ni maombi mazuri, ya namna tuombayo sote: "Mungu akusaidie, mama." Katika mlango wa 3, usiku, kiwanjani pa kupuria, Ruthu amwambia Boazi amfunike kwa nguo yake. Msomaji wa Kiswahili aona mabawa mahali pa kwanza na nguo mahali pa pili, wala haoni uhusiano wo wote. Kumbe Kiebrania chatumia neno moja mahali pote pawili, kanaf, ambalo ni bawa la ndege na tena ni upindo wa nguo. Ruthu amerudishia Boazi maombi yake mwenyewe. Ni kama amesema, "Uliniombea bawa la Mungu. Basi bawa hilo ni nguo uliyoivaa. Litandaze."

Hapa ndipo moyo wa kitabu ulipo. Boazi alikuwa mcha Mungu tangu mwanzo; hata salamu zake kwa wavunaji zilikuwa za baraka. Lakini imani yake ilikuwa ingali kinywani. Mgeni ndiye aliyeishusha kutoka kinywani hata mikononi. Asingalikuja yule Mmoabu, Boazi angalikufa mtu mwema mwenye salamu nzuri.

Je, Kiswahili chaweza kuushika mchezo huo wa neno? Neno moja kwa bawa na nguo hatuna. Lakini tuna kitenzi. Ndege hutanda mabawa juu ya makinda yake; wingu hutanda; na mwanamke wa pwani hujitanda kanga, na kitambaa chake huitwa mtandio. Mfasiri akiandika mahali pa kwanza "mabawa yaliyotanda juu yako," na mahali pa pili "nitandie nguo yako," sikio litashika uzi. Natoa shauri hili kwa unyenyekevu kwa wale watakaoitengeneza tafsiri siku zijazo. Hata kabla ya hapo, mwalimu aweza kulieleza kwa maneno machache, wala somo halitasahaulika.

Kuna mchezo mwingine wa neno, katika mlango wa 2, ambao umepotea kwa lazima. Ruthu amwuliza Boazi kwa nini amemtambua yeye asiyetambulikana. Maana kutambua na nokriya vyafanana sauti katika Kiebrania. Kiswahili hakina njia ya kuufuata. Lakini Mungu hakutuacha mikono mitupu, kwa kuwa lugha yetu ina mchezo wake, ambao Kiebrania hakina. Yule mkombozi wa ukoo, aitwaye goel, twamwita jamaa aliye karibu. Na tumpokeapo mtu mlangoni twamwambia, "Karibu." Neno ni lile lile. Kukaribisha ni kumfanya aliye mbali awe karibu, yaani kumfanya awe jamaa. Mswahili asemapo "karibu" amekwisha kutaja kazi ya Boazi, naye hajui. Kama twalisema neno hilo kutwa mara mia na mlango umefungwa, lugha yetu yenyewe itatushuhudia siku ya mwisho.

Na yule jamaa mwingine, aliye karibu zaidi, ambaye alilitaka shamba lakini akalikataa aliposikia kwamba Mmoabu yumo ndani yake? Alihofu kuuharibu urithi wake. Kitabu hakimtaji jina. Boazi amwita peloni almoni, na neno peloni ni ndugu ya fulani, tulilolipata sisi kwa Waarabu. Aliyelinda jina lake amebaki fulani. Aliyempokea mgeni aandikwa katika mlango wa kwanza wa Mathayo, katika nasaba ya Bwana wetu. Na hapo hapo twaambiwa kwamba mama yake Boazi alikuwa Rahabu wa Yeriko. Kwa hiyo Boazi naye alikuwa mtoto wa mwanamke wa kigeni. Labda ndiyo sababu alijua jinsi ya kutazama.

5. Methali mbili

Wazee wetu wana methali mbili, na desturi ya siku hizi ni kuzitenga. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" hutajwa mtu atakapo kumwondoa mgeni. Walakini tuitazame vizuri. Methali haisemi siku ya tatu mfukuze. Yasema mpe jembe. Na mtu hapewi jembe alimie hewani. Ampaye jembe sharti ampe na ardhi. Maana yake ni kwamba siku ya tatu ugeni wa kukalishwa kitini umekwisha, na ushirika wa kazi umeanza. Jembe ni uraia wa kijijini.

Nchi ya Tanzania ilipata kuitenda methali hii waziwazi. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka wa 1972 walipewa makao ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, pamoja na ardhi ya kulima, na shirika la Kikristo la kuwahudumia wakimbizi, lililoanzishwa mwaka wa 1964, likashiriki kazi hiyo. Wakalima, wakauza mazao, wakajenga makanisa. Mwaka wa 2014 zaidi ya watu 150,000 miongoni mwao na wa uzao wao walikuwa wamepewa uraia. Lakini sheria ya wakimbizi ya mwaka wa 1998 iliwataka waliokuja wakae katika maeneo yaliyowekwa. Na mtu aliyezuiliwa kutoka kambini hana pa kulima ila kuokota. Twampa chakula siku ya tatu, siku ya mia na siku ya elfu, kisha twamlaumu kwamba halimi. Methali imepinduliwa.

Methali ya pili ni "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hii huelezwa kwamba mgeni akija, watoto wa nyumba nao hupata kitoweo. Ni kweli. Lakini tendo apone ni kubwa kuliko kitoweo. Mwenyeji ana ugonjwa gani, hata aponywe na mtu wa kuja? Naona jibu katika habari ya Kanisa letu wenyewe. Mwaka wa 1864 Askofu Tozer wa misioni ya Vyuo Vikuu alipokuwa Unguja, Sultani alimpa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misioni ile. Edward Steere, aliyekuja pamoja naye, alikitengeneza Kiswahili cha Maandiko katika mji ule ambamo wanafunzi wake walikuwa watu waliong'olewa kwao. Na Biblia nzima ikatoka mwaka wa 1891. Cecil Majaliwa, Myao aliyeletwa Unguja utumwani, alipewa ukasisi mwaka wa 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misioni hiyo, akarudi bara kuwahubiri watu wa Ruvuma. Kadhalika huko Mombasa: Freretown ilijengwa mwaka wa 1875 kwa ajili ya waliookolewa na utumwa, na Rabai ikawapokea watoro, hata siku ya kwanza ya mwaka wa 1889 watoro wapatao 1,400 wa Rabai na misioni jirani walipopewa hati za uhuru kwa fidia. Kabla ya hapo kulikuwa na ubishi mkubwa kama yafaa kuwapokea, kwa kuwa mabwana wao waliwadai. Kanisa lilitakiwa kujibu swali lile lile la msichana wangu: mtoro ni mgeni, au si mgeni?

Nasema, basi, kwamba Kiswahili tusalicho kilijifunza kuomba katika vinywa vya mateka, watoro na watoto wa jahazini. Mgeni alikuja, na sisi wenyeji tukapona. Wala si Waafrika tu. Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia maelfu ya Wapolandi, walioondolewa kwao na kupitishwa Siberia na Uajemi, waliletwa Afrika ya Mashariki, wakakaa Tengeru karibu na Arusha, na Koja na Masindi katika Uganda. Kanisa walilolijenga Nyabyeya, wilaya ya Masindi, lingali likisimama, na wenyeji husali ndani yake. Nyumba iliyojengwa na wageni imekuwa nyumba ya wenyeji.

6. Mashauri kwa waalimu

Mwalimu asomapo neno mgeni mbele ya darasa, aongeze mara moja maneno ambayo watoto wamelitenga nalo: mgeni, yaani mhamiaji, mgeni, yaani mkimbizi. Asibadili kitabu, abadili sikio. Katika 1 Petro, mlango wa 2, awaonyeshe kwamba Mtume awaita Wakristo wenyewe wapitaji, ili mwenyeji ajue kwamba jina lile ni lake pia. Afundishe methali mbili pamoja, asitaje jembe bila kupona. Na katika Ruthu awaulize watoto, si kuhusu Ruthu tu, bali kuhusu wavunaji, msimamizi, Boazi na fulani: katika hao wewe u nani?

Mwaka wa pili wazee wa kanisa walikubali, baada ya maneno mengi, kwamba mistari miwili ya mahindi upande wa barabara isivunwe. Yule mzee aliyetazama chini ndiye aliyeitetea sana. Wanawake wa kambini walikuja, wakaokota, wala hakuna aliyewauliza ruhusa. Nalimtafuta bibi yule miongoni mwao. Niliambiwa kwamba amerudi kwao Burundi pamoja na wajukuu wake. Basi sikupata kumwomba radhi, na deni hilo ninalo hata sasa. Nalilipa kidogo kidogo kwa watu wengine, kama madeni ya namna hiyo yalipwavyo.

Naomba wenzangu walio katika lugha nyingine watuletee maneno ya kwao kwa mgeni, mhamiaji na mkimbizi, na methali zinazoambatana nayo, tuyalinganishe. Wakiona nimekosa katika Kiebrania, wanisahihishe. Katika habari ya shamba nimekwisha sahihishwa.